Jahazi la babu: nani ashike nini?

Swali: Assalaam aleikum, mwalimu. Marehemu babu yetu aliacha jahazi. Liko ufukweni hapa Matondoni, Lamu, na halijasafiri kwa miaka minne. Sisi wajukuu na majirani, watu kumi na mmoja, tunataka kuunda jumuiya isiyo ya faida, tulitengeneze, lisafiri tena, na watoto wa shule wajifunze ubaharia. Kaka yangu mkubwa anataka awe mwenyekiti, mweka hazina na nahodha, kwa kuwa ndiye anayeijua bahari. Wengine wanasema tungoje mfadhili. Wenzetu wa nje wanaoendesha meli za kale za matanga wanajipangaje? Nani alipwe na nani asilipwe? Na kwa nini hata zile zenye pesa nyingi zinakufa?

Jibu: Wa aleikum salaam, mwanangu. Poleni kwa babu, Mungu amrehemu. Miaka minne si mingi kwa jahazi lililojengwa vizuri, basi mmeuliza mapema, na hilo limenifurahisha.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu majibu mengine yote yanatoka humo. Nimekuwa kwenye kazi hii muda mrefu, kwanza nikikwangua rangi kwa kujitolea, baadaye nikiwa mdhamini, yaani msimamizi wa mali ya jumuiya. Katika vyombo nilivyoviona vikifa, vichache viliuawa na dhoruba. Vingi vilikufa gatini, taratibu, kwa sababu mtu mmoja alishika kamba tatu: anaamua safari, anashika pesa, na anajikagua mwenyewe. Mtu huyo mara nyingi ni mwema, na ndiye anayekipenda chombo kuliko wote. Siku akiugua, akichoka au akikosea, hakuna wa kumpokea wala wa kumrudi.

Kaka yako bila shaka atakwambia kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli kabisa, tanga likishapanda. Lakini hata majahazi ya biashara ya zamani hayakuendeshwa na mtu mmoja, na wazee wa Matondoni wanalijua hilo kuliko mimi. Alikuwako tajiri, mwenye chombo, ambaye mara nyingi alibaki nyumbani. Alikuwako nahodha, na baharini neno lake lilikuwa la mwisho. Kwenye vyombo vikubwa vya Ghuba alikuwako karani mwenye daftari la shehena na nauli. Serahangi alisimamia mabaharia na kamba. Ufukweni alikuwako fundi, ambaye akisema mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, umeoza hakuna aliyebishana naye. Safari ikiisha, gharama zilitolewa kwanza, kisha kilichobaki kikagawanywa mafungu: la chombo, la nahodha, la mabaharia.

Jumuiya inayoendesha meli ya kale ni mpango huohuo. Mahali pa tajiri wanakaa wadhamini, nao ni tajiri asiyekula faida. Uingereza, kwa kawaida, mdhamini wa shirika la hisani halipwi kwa udhamini wake. Anarudishiwa nauli na gharama alizotoa, basi. Ndiyo maana anaweza kuuliza pesa zimekwenda wapi, na hakuna wa kumwambia kwamba anatetea mshahara wake.

Sasa tajiri wa jahazi lenu ni nani? Hukuniambia, na hilo linanitia wasiwasi kuliko mbao. Umeandika "jahazi la babu". Babu amefariki, basi jahazi ni la warithi wote, pamoja na shangazi zenu, hata walioolewa mbali na ambao hawajawahi kukanyaga sitaha yake. Kumi na mmoja nyinyi, ambao baadhi yenu ni majirani tu, hamna haki ya kupiga msumari mmoja kabla fungu la kila mrithi halijajulikana. Nendeni kwa Kadhi, mirathi isomwe, majina yaandikwe. Nilishuhudia chombo kimoja kikitengenezwa kwa miaka mitatu kwa michango ya watu wa kawaida. Kikapakwa rangi, kikashushwa majini kwa dua na ngoma. Mwezi haukuisha, ndugu wa marehemu akatokea na hati yake, akakiuza. Waliochanga walisimama ufukweni wakikitazama kinavyoondoka. Sitaki mlione hilo.

Warithi wakikubaliana, iko njia ambayo wazee wetu waliijua kabla ya neno shirika kufika pwani, nayo ni wakfu. Mwenye mali anaifunga: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, na manufaa yake yanawaendea wale waliotajwa. Misikiti, visima na mashamba mengi ya pwani yetu yamedumu kwa njia hiyo. Wanachuoni wa Kishafii wanaruhusu hata mali inayohamishika, maadamu inanufaisha na yenyewe inabaki. Chombo cha mbao kina mambo yake, kwa hiyo mkamuulize sheikh mnayemwamini, kisha mwende kwenye Tume ya Wakfu ya Kenya. Msipotaka wakfu, andikeni hati ya kawaida ya kulihamishia jahazi kwa jumuiya, na ndani yake mtaje waziwazi litakwenda kwa nani siku jumuiya ikivunjika. Watu wanaona haya kuandika kifungu hicho, kana kwamba wanaombea mauti. Kiandikeni.

Kisha amueni kama jahazi litasafiri au litakaa. Sur, huko Oman, mji ambao vyombo vyake vilikuja pwani yetu kwa kaskazi kizazi baada ya kizazi, wana ghanja, chombo kikubwa cha matanga cha mbao, inayoitwa Fath al-Khair. Ilijengwa hapohapo Sur mwaka 1951, ikauzwa, ikaishia Yemen, na mwaka 1993 wenyeji wakachanga pesa wakairudisha nyumbani. Imewekwa nchi kavu, watu wanakuja kuitazama. Ni heshima kubwa, na watu wanaohitajika kuitunza si wengi: mlinzi, fundi wa kuja mara kwa mara, na mtu wa kuwasimulia wageni. Chombo kinachosafiri kinataka watu mara kadhaa ya hao, na leseni, na zaidi ya yote kinataka watu wenye ujasiri wa kukizuia kisitoke. Mkiona hamna watu hao, lipumzisheni ufukweni kwa heshima. Hakuna aibu.

Hapo kwenye kuzuia nataka nikae kidogo. Mwaka 2012 meli ya Bounty, nakala ya meli ya kale iliyojengwa mwaka 1960 kwa ajili ya sinema, iliondoka New London, Marekani, tarehe 25 Oktoba ikielekea Florida. Kimbunga Sandy kilikuwa kimekwisha kutangazwa. Ndani walikuwamo watu 16. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 29, karibu na Cape Hatteras, maji yalizishinda pampu na meli ikalala ubavu. Helikopta za walinzi wa pwani ziliokoa watu 14. Baharia mmoja, mwanamke, alikufa, na nahodha hakuonekana tena. Nahodha yule hakuwa mgeni wa bahari. Aliishika meli hiyo kwa miaka 17. Bodi ya uchunguzi ya Marekani iliandika kwamba chanzo cha ajali ni uamuzi wake wa kupita kwenye njia ya kimbunga, ikaongeza kuwa wenye meli hawakuwa na usimamizi wa usalama unaofaa. Kwa maneno yetu, hapakuwa na tajiri wa kusema hapana. Wiki chache kabla ya safari, meli ikiwa kwa mafundi, mbao zilizooza zilionekana kwenye mataruma yake, yaani mbavu za chombo, na si zote zilizobadilishwa.

Bounty haikuwa ya jumuiya kama yenu, lakini mimi kila nikikaa na wadhamini wapya huanza na habari hiyo. Ninachowaomba ni hiki. Safari itoke kwa ndiyo mbili: ya nahodha, na ya mdhamini mmoja mliyempa kazi ya usalama. Hapana ya yeyote kati yao itoshe, na isihojiwe siku hiyo. Wadhamini wote kwa pamoja wasiweze kumlazimisha nahodha kutoka. Na mipaka iandikwe nchi kavu, vichwa vikiwa vimetulia: upepo wa kiasi gani hatutoki, watoto wangapi kwa kila baharia mmoja, kusi ikikaza ni miezi gani jahazi linakaa juu. Hatari kubwa huja siku mgeni mkubwa amefika, kamera zipo, watoto wamevaa sare, na kila mtu anaona haya kuwarudisha nyumbani.

Nije kwa karani, yaani mweka hazina wenu, maana hapa ndipo jumuiya nyingi zinapovuja. Mweka hazina asiwe nahodha, asiwe mwenyekiti, wala asiwe mume au mke wa mmoja wao. Pesa zisiingie kwenye simu ya mtu hata kwa wiki moja "tukingoja akaunti". Fungueni akaunti ya kikundi yenye sahihi mbili, michango ya M-Pesa iende huko moja kwa moja. Kila mwezi daftari lisomwe mbele ya wote, hata mwezi ambao kilichonunuliwa ni kilo mbili za misumari. Mali bila daftari huisha bila habari, na habari ikikosekana watu hujaza pengo kwa tuhuma. Nimeona jumuiya yenye hesabu safi kabisa ikivunjika kwa sababu tu hesabu hizo zilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Kuhusu kungoja mfadhili, naomba msingoje. Mfadhili anapenda kulipia kitu chenye picha: mlingoti mpya, tanga jipya, siku ya kushusha chombo majini. Ni shida kumpata wa kulipia pamba ya kalafati ya kuziba viungo, shahamu na chokaa, sifa (mafuta ya papa) ya kupaka mbao, na mshahara wa mlinzi wa usiku, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya karani wenu, kabla ya bajeti ya matengenezo, ni kuandika jahazi hili linakula kiasi gani kwa mwaka likiwa limekaa tu, bila safari hata moja. Mkishaijua hiyo hesabu, jiulizeni kama nyinyi kumi na mmoja na marafiki zenu mnaweza kuibeba kwa michango ya kila mwezi. Mkiweza, mfadhili atakuwa msaada. Msipoweza, siku akiondoka jahazi litaondoka naye.

Mfano unaoniuma ni wa Jubilee Sailing Trust ya Uingereza. Ilianzishwa mwaka 1978 ili watu wenye ulemavu na wasio na ulemavu wasafiri pamoja kama mabaharia, si kama abiria na wauguzi wao. Walikuwa na meli mbili, Lord Nelson na Tenacious. Hiyo ya pili ni ya mbao, ina urefu wa mita 65, ilishushwa majini Southampton mwaka 2000, na watu wa kujitolea waliweka mikono yao katika kuijenga. Mtu mwenye kiti cha magurudumu aliweza kufika kwenye usukani, asiyeona aliweza kuongoza kwa dira inayotoa sauti. Mwaka 2019 walitoa wito wa dharura wa pauni milioni 1, na watu wakachanga ndani ya siku chache. Lord Nelson ikapumzishwa mwaka huohuo. Desemba 2023 jumuiya yenyewe ikafunga shughuli. Upendo ulikuwepo, na ulithibitishwa kwa pesa taslimu. Ila wito wa dharura unaziba tundu la leo, na meli kubwa inarudi na njaa yake kesho asubuhi. Jahazi lenu ni dogo kuliko hizo, mshukuruni babu kwa hilo.

Umeuliza nani alipwe. Fundi alipwe, tena kwa wakati. Msimwambie ajitolee "kwa ajili ya utamaduni". Utamaduni wenyewe ni kazi yake, na anaposhindwa kuilisha nyumba yake kwa zana zake, tezo na keekee, mwanawe huenda kuendesha bodaboda, nanyi mnabaki na jahazi lisilo na wa kulitengeneza. Mlipeni na kijana mmoja wa kujifunza pembeni yake. Mlinzi alipwe. Nahodha alipwe siku za safari. Wadhamini, mwenyekiti na karani wasilipwe.

Na fundi asikilizwe hata anaposema jambo msilolipenda. Hermione, meli ya kivita iliyojengwa upya na jumuiya moja ya Rochefort, Ufaransa, ilianza kuundwa mwaka 1997, na mwaka 2015 ikavuka bahari hadi Marekani. Sehemu kubwa ya pesa zake ilitokana na tiketi za watu waliokuja kutazama mafundi wakifanya kazi, wazo zuri ambalo nanyi mnaweza kuliiga kwa udogo wenu. Mwaka 2021, ikiwa chelezoni karibu na Bayonne, ikagundulika kwamba kuvu imekula mbao zake za mwaloni, kazi ya mamilioni ya yuro. Meli changa kiasi hicho! Wazee wetu wanaosha sitaha kwa maji ya bahari kwa sababu hiyohiyo: chumvi huhifadhi mbao, maji ya mvua yaliyotuama huziozesha.

Watu wa kujitolea mtawapata wengi, hasa wiki ya kwanza. Namna ya kuwashika nimeipenda kwa wenzetu wa Elissa, huko Galveston, Texas. Ni meli ya milingoti mitatu, ya chuma, iliyojengwa Aberdeen mwaka 1877. Iliokolewa Piraeus, Ugiriki, ikingoja kukatwakatwa, ikanunuliwa mwaka 1975 na taasisi ya historia ya Galveston, na mwaka 1982 ikasafiri tena. Mabaharia wake ni watu wenye kazi zao nyingine. Wanakuja Jumamosi baada ya Jumamosi kukwangua, kupaka, kufunga kamba na kufundishwa, na safari zenyewe ni siku chache tu kwa mwaka. Nafasi ya safari inapatikana kwa saa za kazi. Mwaka 2011 wakaguzi waliikuta kutu imeila chini, wakaizuia, na ilirudi baharini mwaka 2014. Jumuiya iliyojengwa juu ya safari ingekufa katika miaka hiyo mitatu. Hii ilikuwa imejengwa juu ya Jumamosi. Wekeni nanyi daftari la saa: mjukuu wa babu asiyekwangua asipande mbele ya mtoto wa jirani aliyekwangua. Hapo ndipo mtajua kama ni jumuiya kweli au ni familia yenye jina la jumuiya.

Mlinzi nimemtaja kwa haraka, lakini msimdharau. Cutty Sark, iliyojengwa mwaka 1869 na kuwekwa nchi kavu Greenwich, iliungua tarehe 21 Mei 2007 katikati ya matengenezo, kwa sababu mashine ya kufyonza vumbi iliachwa ikifanya kazi wikendi nzima. Ilifunguliwa tena kwa watu mwaka 2012. Jahazi lenye mafuta, pamba na maranda ya mbao linangoja kijiti kimoja cha sigara.

Jambo la watoto wa shule ndilo lililonifanya niandike jibu refu, kwa sababu chombo kikiwa na kazi, watu hukitafutia pesa. Hapo kwenu Lamu mmeliona: Flipflopi, dau la plastiki chakavu lililojengwa na fundi Ali Skanda na wenzake, likafunikwa kwa kandambili 30,000 zilizookotwa, likashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri kama kilomita 500 hadi Unguja. Muulize mtu yeyote wa mradi ule dau ni la nini, atakujibu kwa sentensi moja. Nanyi tafuteni sentensi yenu. "Kuhifadhi urithi wetu" haitoshi, kila mtu anaisema. "Kila mtoto wa darasa la saba wa Matondoni ajue kupandisha tanga na kuogelea" ni kazi inayopimika, na mzazi ataichangia. Wekeni pia kanuni kwamba hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto chomboni, hata awe nani.

Usajili si mgumu. Mnaweza kuanza kama kikundi cha jamii chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022, mkikua mwende kwenye sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyoanza kutumika Mei 2024. Kabla mtoto yeyote hajapanda, waiteni Mamlaka ya Bahari ya Kenya wakague chombo, na maboya ya kuvaa yatoshe watu wote, yakiwemo ya ukubwa wa watoto.

Kuhusu kaka yako, mpeni unahodha, na mumpe kwa heshima yake yote. Neno lake majini lisipingwe. Uenyekiti apewe mtu asiyeota safari, mwalimu mstaafu au mama anayeaminika mtaani, na daftari apewe mwingine. Msimweleze haya mkutanoni mbele ya vijana. Mzee anayemheshimu amwite, wanywe kahawa, amkumbushe kwamba hata babu alipokuwa nahodha hakushika daftari la tajiri. Na tangu siku ya kwanza awe na wanafunzi wawili wa unahodha, mmoja wao asiwe wa ukoo wenu.

Hayo yote yatachukua miezi, na masika hayatawangoja. Wiki hii, kwa ruhusa ya warithi, liezekeni jahazi kwa makuti, mkiacha nafasi upepo upite chini. Msilifunge kwa turubai la plastiki, litatoka jasho na kuoza. Maji ya mvua yakiingia ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, yachotwe siku hiyohiyo. Angalieni mchwa kwenye magogo linaloegemea. Na kwa kuwa limekauka miaka minne, kila asubuhi na jioni mtu alimwagie ndoo za maji ya bahari kwenye mbao za ubavuni, ndani na nje, viungo visizidi kuachana. Andikeni zamu hiyo ya ndoo, nani leo, nani kesho, kisha niletee orodha baada ya mwezi mmoja ikiwa na majina ya waliofika.